Kofia Yangu Nyeusi na Siku ya Balozi mu Darasa ya Ine

Kapata, lundi tarehe 20 ya mwezi wa kumi

Kwa Mama Directrice Elise Tshiamala,
Mukubwa wa Masomo ya Primaire Matunda, pale pale Kapata

Maneno ya barua: kuomba Siku ya Balozi ivunjwe

Mama Directrice wa heshima,

Kama uko muzima na batoto yako beko bazima, mi pia niko muzima, isipokuwa magoti, na magoti haiingie mu hii barua.

Mi ni Numbi Kalumba, matricule ya kazi 40317, nyumba ya tatu nyuma ya ukuta ya masomo yako, ile yenye mulango ya bulu. Pengine haunijue kwa sura, sababu ulifika Kapata juzi juzi tu, miaka sita. Lakini uliza muntu yeyote mwenye kukulia mu hii cité nani alikuwa anamuamsha. Ni mi. Mi njo nilikuwa napiga sirene ya compagnie, miaka makumi mbili na saba. Saa kumi na moja na nusu ya asubui naweka mukono, na Kapata yote inatoa miguu mu blanketi: ba-ingénieur, ba-soudeur, bamama, na jogoo. Jogoo zilikuwa zinangoja mi. Chef wa camp mwenyewe alisema siku moja mbele ya bantu kama mukono yangu ikipishana na saa ya ukuta, barekebishe saa. Hii barua naiandika na ile mukono, bila kusaidiwa na muntu. Nilifika darasa ya tatu, lakini darasa ya tatu ya wakati yetu, leo bangeita université.

Sasa maneno yenyewe. Wiki mbili imepita, karatasi ilitoka mu darasa ya ine ya Mwalimu Jeancy Kanyinda, ikaingia mu manyumba. Niliisoma mara ine. Inasema vendredi tarehe 31, darasa ya ine itafanya « Journée des sorcières », ni kusema siku ya balozi, bale benye kuloga bantu. Kutakuwa hesabu ya balozi, dictée ya balozi, kuchora nyungu ya balozi, na kisha batoto batazunguka kiwanja na kofia nyeusi, ufagio na kicheko. Mwalimu anaeleza kama aliona ku telephone bamwalimu ya inchi ingine banafanya vile, na batoto ya kule banafurahi na kushika masomo mbio.

Mama Directrice, naomba hii siku ivunjwe. Sababu zangu naziwekea namba, juu usipotee.

1. Sikuulizwa.

Kutoka ku ukuta ya masomo mpaka ku mulango yangu ni hatua makumi ine na moja. Nilihesabu. Mu Kapata yote, nani anajua maneno ya bulozi kunipita? Nilisingiziwa mara tatu. Tatu, Mama Directrice, na hakuna hata mara moja baliniweza. Ya kwanza, ni wakati kuku kumi na moja ya nyumba ya sita zilikufa mu wiki moja. Ya pili, antenne ya jirani ilipasuka siku ile ile alininyima kiti ya kuangalia mupira. Ya tatu nitaeleza ku namba 3, juu tatu ikutane na tatu. Kuko bazee hapa benye balisingiziwa mara moja tu, na banatembea kifua mbele kama bakubwa ya jimbo.

Mwalimu Jeancy iko na miaka makumi mbili na sita, alitoka Lubumbashi na sanduku moja, na hakuna muntu alimushuku hata kuiba kalanga. Na yeye njo anafundisha. Ku compagnie, muntu hakukuwa anagusa sirene bila mi. Hata directeur. Aliniuliza siku moja kama anaweza kujaribu, nikamuambia tata, kaa chini. Alikaa.

2. Programme iko na makosa.

Karatasi inasema mulozi anaruka juu ya ufagio. Ufagio! Kila mutoto wa Kapata anajua kama mulozi anasafiria mu lungo, ile ya kupepetea unga. Na bale benye kusonga mbele banaingia mu ganda ya kalanga, inageuka avion, ndege kamili, na mama wa kugawa biscuit ndani. Bantu banatoa ushuhuda ya hii bitu kila dimanche mu groupe de prière, kikundi ya maombi, na majina ya ba-aéroport. Sasa darasa ya ine itaandika ufagio mu cahier, na kesho inspecteur akiuliza, nani atapata aibu?

Mi sisemi bitu bila kupima. Nilichukua ufagio yangu, nikaikalia mu lupango, muchana, mbele ya nyumba. Haikusogea. Inachoma tu. Mama Fidélie wa groupe de prière alikuwa anapita mu njia, akaniona juu ya ufagio, akatupa beseni na kukimbia. Na hiyo pia naiweka ku kichwa ya Mwalimu Jeancy.

Karatasi inasema tena: mulozi iko na pua murefu yenye kupinda, iko na paka mweusi, iko na sauti ya kukwaruza. Uliza batu bote, pua yangu ni fupi. Paka sina. Sauti yangu, mu misa bapadri balikuwa banaipeleka mbele ya baimbaji. Kwa hiyo nilifikiri kwanza kukuomba unipe attestation, na cachet ya masomo, yenye kusema kama kufuatana na programme ya darasa ya ine, Numbi Kalumba hana bitu bya lazima bya kuwa mulozi. Ningeipeleka ku groupe de prière, naiweka ku meza, narudia. Miezi tatu natafuta karatasi ya vile. Lakini ningepokea namna gani karatasi yenye kutoka mu programme ya bongo, ya kudanganya? Mi ni muntu wa ukweli. Kama programme inasema kweli, mi si mulozi, na bantu baniombe radhi. Kama mi njo mulozi, programme ni bongo, na batoto bataanguka examen. Chagua, Mama Directrice. Njia ya tatu haiko.

3. Kofia.

Hapa naomba usome pole pole.

Kwetu, mujukulu mwanamuke na nkambo yake ni bibi na bwana, muke na mume ya mu kinywa tu, ya kuchekesha. Abigaëlle, mutoto wa mutoto wangu Kabamba, iko na miaka kenda, iko mu darasa ya ine yako, anakaa ku banki ya pili. Tangu alianza kusema, mi namuita bibi yangu. Yeye ananiita bwana, analalamika kama simununulie kitenge. Mi nalalamika kama bukari yake ya unga iko na mabonge, hata kama hajapika siku moja. Na tunatukanana. Hiyo njo utamu yake. Akimutukana baba yake, atapigwa. Akinitukana mi, napiga mikono. Mi namuambia kichwa yako kama ya locomotive. Yeye ananijibu: « Mulozi we, ulikula meno yako mwenyewe! » Ile ilikuwa ya mwezi wa saba. Nilicheka wiki muzima. Ni kweli pia, meno sina.

Sasa Mama Fidélie, ile siku, alikuwa anapita nyuma ya kayanda, kibanda yangu ya inje. Yeye alikulia bila bankambo, batu yake balikufa mbele azaliwe, hiyo michezo hakuionja. Alisikia « mulozi we ». Hakungoja meno. Dimanche, ku groupe de prière, ile mucheko ilikuwa imekuwa ushuhuda: kinywa ya mutoto imefunua muzee. Mutoto hadanganye, basema. Balisema na micro, ile kipaza sauti.

Mutoto wangu Kabamba iko Mutshatsha kutafuta makala, anarudia mara moja mu mwezi. Bibi yake, Jocelyne, mama wa Abigaëlle, alibakia peke yake na ile neno. Simulaumu Jocelyne. Ni mwanamuke muzuri, anapika majani ya sombe yenye hata mama yangu angeomba kuongezewa. Ila anasadiki kila kitu yenye kusemwa na micro. Tangu ile dimanche, Abigaëlle hakukuya tena. Akitoka masomo anapitia avenue ingine, ile ya kuzunguka, ya murefu. Naona robe yake ya masomo, bulu na mweupe, inapita kati ya manyumba, kisha haiko.

Mu nyumba yangu kuko biti bili. Silalamike. Nasema tu kama kiti ya pili ilishika mavumbi, na ni kiti muzuri, ya mbao ya kweli, ya wakati ya compagnie.

Njo karatasi ikasema: kila mutoto alete kofia nyeusi. Mu Kapata kofia nyeusi yenye kustahili jina ni moja: yangu, ile nilivaa siku balinipa médaille ya kazi. Mardi ya wiki yenye kupita, saa nane ya muchana, Abigaëlle alikuya. Miezi tatu bila salamu, na anakuya juu ya kofia! Alisimama ku mulango kama mutu wa bureau, akasema kama iko na devoir, kazi ya masomo ya kufanyia nyumbani. Jocelyne alimuachilia sababu devoir iko na points, na Jocelyne anaogopa Mungu na points.

Nauliza mbele yako: juu nini mutoto mwenye kutafuta kofia ya mulozi alikuya sawasawa kwangu, bila kuuliza njia? Hiyo si matusi yenye kutoka ku masomo? Nilimuambia, bibi yangu, leo njo umekumbuka kama uko na bwana? Aliangalia njia, akaangalia kofia, akaniambia kwa sauti ndogo kama mulozi hana haki ya kuuliza maulizo.

Nilimupa kofia. Ilimushukia mpaka ku kidevu. Ilibidi niweke magazeti ndani juu ikamate, na ile kazi ilimaliza muchana yote, sababu magazeti naikunjaka pole pole.

4. Ma-devoir ni mengi kupita kipimo.

Mercredi alirudia, eti hesabu. « Mulozi anaweka bachura kumi na mbili mu nyungu. Batano banaruka inje. Banabakia ngapi? » Nilimuambia: zero. Nyungu haina kifuniko. Bale saba banaangalia benzao banaruka, na banabakia kungoja nini? Aliandika zero. Mwalimu Jeancy akaweka musalaba mwekundu. Naomba ile point irudishwe, na mwalimu aeleze mbele ya darasa namna gani bachura saba banakaa mu nyungu ya wazi na moto chini.

Jeudi ilikuwa ufagio. Vendredi ilikuwa nyungu. Samedi masomo haiko, lakini alikuya, anasema kuko devoir ya kukaa. Mama Directrice, devoir gani ya kukaa? Alikaa mpaka saa kumi, anakula kalanga yangu, ananitukana. Mu wakati yetu bamwalimu habakukuwa banachosha batoto vile siku ya samedi.

5. Kicheko.

Hii njo mubaya kupita yote. Karatasi inasema kila mutoto aandae kicheko ya mulozi. Abigaëlle alinionyesha yake: ki-ki-ki, kama panya mu mufuko ya unga. Sikuweza kuvumilia. Mi ni muntu wa kazi. Nilimuambia, bibi yangu, sauti ya kuogopesha inaanzia chini, mu tumbo, inapanda bila kukimbia, inafika juu, inasimama, na kisha unaiacha ishuke yenyewe. Njo sirene ilikuwa inafanya. Miaka makumi mbili na saba bantu baliiogopa, na ilikuwa inabaita tu ku kazi.

Ile jeudi yenyewe, mbele ya jua kushuka, alicheka mu lupango yangu mpaka bazee ya cité balitoka na kuangalia saa. Tata wa nyumba ya pili alianza kutafuta bottes yake ya kazi.

Kilichofuata ni fujo. Samedi balikuya batoto ingine sita ya ile darasa, bananiambia bataenda na ki-ki-ki yabo na aibu, njo nibafundishe pia. Bote beko na kofia ya carton. Lupango yangu imejaa balozi badogo, sina hata pa kunyosha magoti. Jocelyne alikuya kumuita mutoto. Alikuwa anatumaka mutoto wa jirani kumuita, ile siku alikuya mwenyewe, akasimama inje ya mulango, akasema: « Tata, amalize mbio. » Hiyo ni maneno tatu. Tangu mwezi wa saba nilikuwa na zero.

Na jana, dimanche, Mama Fidélie alifika na karatasi mukononi. Anatafuta bantu ya kusaini juu Siku ya Balozi ivunjwe. Alizunguka avenue yote, bantu banasema banakuya kufikiri. Alisimama ku mulango yangu. Kisha akasema: « Tata Numbi, we pia ni muntu wa Mungu, saidia. » Mama Directrice, yule mwenye kunifanya mulozi na micro anakuya kuniomba nimusaidie kufukuza balozi! Nilisaini. Mi ni wa kwanza ku ile liste, juu kabisa, na matricule. Alisema aksanti. Aliniachia hata bic yake.

6. Bankambo habakualikwa.

Ku chini ya karatasi bameandika: « Batata na bamama bote bamealikwa. » Bankambo, hapana. Kwa hiyo kofia yangu itaingia, ufagio yangu itaingia, nyungu yangu itaingia, kicheko yangu itaingia mara saba, na mwenye bitu atasimama nyuma ya ukuta, hatua makumi ine na moja, anasikiliza. Kama vile njo heshima munafundisha mu darasa ya ine, basi sitaki kujua munafundisha nini mu darasa ya tano.

Kwa hizi sababu sita, naomba Siku ya Balozi ivunjwe mbele ya mercredi, ma-devoir isimame, kofia irudie ku musumari yake, na kila mutoto arudie kupita mu njia alikuwa anapita mbele. Kama hautafanya, nitapanda kwa inspecteur kule Dilala, na kama inspecteur haiko, nitakaa ku mulango yake na médaille ku kifua mpaka akuye. Sirene ilikufa, lakini mwenye kuipiga angali.

Nakuachia kwa heshima yote ya muzee mwenye hakuchelewa kazi hata siku moja. Salimia bamwalimu yako bote, hata Mwalimu Jeancy, makosa ni ya telephone. Salimia mulinzi wa mulango, nilijua baba yake. Salimia banki ya pili ya darasa ya ine. Salimia pia Mama Fidélie, kama atafika na liste yake mbele ya hii barua.

Numbi Kalumba
matricule 40317
mupiga sirene, mwenye alimaliza kazi

P.S. Usivunje.

Nilikuwa nafunga enveloppe, Abigaëlle akaingia kuuliza kama kicheko yake imefika. Imefika tangu jeudi. Nilimuambia bado kidogo, ku mwisho inatetemeka, arudie kesho. Naomba Mwalimu Jeancy naye amuambie bado kidogo. Bale sita ingine nabo, bado.

Jina yangu ku liste ya Mama Fidélie ufute. Ni ya kwanza, hautapotea. Bic nitamurudishia mwenyewe, juu nipate sababu ya kupita kwake.

Kama inawezekana, hii siku musifanye tarehe 31. Mupeleke ku mwezi wa pili. Ao mufanye kidogo kidogo, kitu moja ya bulozi kila wiki, mpaka Pasaka. Kofia isilale ku masomo, irudie kwangu kila muchana, na mutoto aibebe mwenyewe. Musalaba ya bachura muuache pale, anataka kurudia kuipigania na mi.

Tena kitu moja. Leo Jocelyne alikuya naye. Alipita mulango. Aliweka sahani ya sombe ku meza, akapangusa kiti ya pili na kitambaa yake, akakaa, anangoja mutoto amalize kucheka. Mutoto naye amechukua ile ya kwanza. Hii P.S. naiandika nimesimama, na magoti yangu unaijua. Kama ku masomo kuko kiti moja yenye haitumike, naomba uitume.